Mali bila daftari hupotea bila habari

Methali hii ni ya watu wa biashara. Mwenye duka asiyeandika anachonunua, anachouza na anachokopesha, siku moja hukuta rafu tupu asijue mali imekwenda wapi. Lakini angalia: methali haimtaji mwizi. Lawama inamwangukia mwenye mali aliyeacha kuuliza.

Katika nchi, mwenye mali ni mwananchi. Kiongozi ni mtunzaji tu, na mtunzaji kukaguliwa si kutukanwa. Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa za kampuni au nyumba za kupangisha. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza masharti hayo. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atamke mali na madeni yake, ya mwenzi wake na ya watoto wake wadogo. Tulitoka kwenye “usiwe nayo” tukaingia kwenye “iandike”.

Kuandika peke yake hakutoshi. Nyumba ikisajiliwa kwa jina la shemeji, fomu ya tamko hubaki safi. Hapo ndipo ninapouona uzito wa kifungu cha 27 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007: afisa wa umma, wa sasa au wa zamani, anayemiliki mali au kuishi maisha yasiyolingana na kipato chake halali, akashindwa kutoa maelezo ya kuridhisha, ametenda kosa. Kenya nayo, kwa sheria yake ya 2003, inaruhusu mahakama kumwamuru mtu wa namna hiyo ailipe serikali thamani ya mali isiyoelezeka.

Wapo wanaosema huku ni kumtwisha mtu mzigo wa kujitetea kabla hajathibitishwa kukosa. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo maana lazima mahakama iwe huru na sheria isigeuzwe rungu la kuwapigia wapinzani. Ila aliyechuma kwa jasho ana hati, ana risiti, ana mwaka aliouza ng’ombe au kuvuna korosho. Kueleza hakumpunguzii kitu.

Linaloniuma zaidi ni sisi. Diwani akijenga ghorofa tatu kwa posho ya vikao, tunamwita mjanja, tunamwalika awe mgeni rasmi na tunamshangilia akitoa mchango. Zahanati ya kata yake ikikosa dawa, tunalaumu hali ngumu. Anapokuja kuomba kura tena, mwulizeni hadharani: mali hii umeipataje?