Kunyamazia Kosa Linalokufaa

Ndugu yetu mmoja katika wanaohudhuria darsa, aliyefanya kazi miaka mingi nchi za Ghuba, alituuliza swali ambalo mwanzo lilinichekesha, kisha likaninyima usingizi. Alisema: "Sheikh, huko nilikuwa nikiwatazama watu wakicheza tawla. Mmoja hurusha dadu zikaja tatu na mbili, naye kwa haraka akasogeza kete tatu na tatu, akaiacha kete yake moja pekee mahali pa kupigwa. Mwenziwe ameliona kosa, lakini kwa kuwa lamfaa, hunyamaza na kurusha dadu zake. Akisharusha, limepita. Je, hiyo si khiana?"

Kwanza ifahamike kuwa tawla ndiyo nardi iliyotajwa katika Hadithi, na maulamaa walio wengi wamekataza kuicheza hata pasipo kamari. Kwa hivyo simfundishi mtu kuicheza. Lakini swali la ndugu yetu si la dadu. Ni la ulimi uliozuiwa.

Kwa kanuni ya zamani ya mchezo huo, mtu akisogeza kete kinyume cha dadu zake, mpinzani wake ana hiari: atake isahihishwe, au aiache ilivyo. Hiari hiyo hukoma arushapo dadu zake mwenyewe. Katika mashindano kadha ya siku hizi kanuni imegeuzwa: aliyeliona kosa yampasa aliseme, liwe lamfaa au lamdhuru. Basi hata wacheza dadu swali hili limewataabisha.

Mtu aweza kuitetea kanuni ya zamani, na utetezi wake una nguvu. Wawili wale wameketi kwa sharti walijualo wote, kwamba kila mtu ajilinde. Tena pasipo mpaka mchezo hauishi. Watu wangerudi kugombania kete zilizosogezwa saa nzima iliyopita.

Sheria yetu nayo yaijua mipaka kama hiyo. Katika biashara iko khiyari ya kikao: muuzaji na mnunuzi, kila mmoja aweza kuvunja mauzo maadamu hawajatengana. Wakitengana, mlango huo umefungwa. Lakini ikiwa muuzaji aliijua aibu ya mali yake akaificha, kutengana hakumwokoi. Mnunuzi akiigundua ana haki ya kuirudisha, na muuzaji ana dhambi tangu pale aliponyamaza. Basi mpaka wa wakati hukata ugomvi, haukati dhambi. Na katika Hadithi ya Bibi Umm Salama, Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alitahadharisha kuwa yeye huhukumu kwa alisikialo, na kwamba aliyehukumiwa kupewa haki ya nduguye amepewa kipande cha Moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haimhalalishii mtu kisicho chake, itakuwaje kimya chake mwenyewe?

Nitasema na langu. Nilipokuwa kijana nilinunua kitambaa cha kanzu katika duka moja hapa Mombasa. Mwenye duka aliponirudishia chenji akazidisha shilingi ishirini. Niliziona kabla sijatoka. Nikajiambia: hesabu ni yake, mimi sikumwambia uwongo. Baada ya miezi nikaenda kuzirudisha, nikakuta duka limefungwa na mwenyewe amefariki. Nikawatafuta warithi wake nisiwapate. Nikazitoa sadaka kwa niaba yake, kama wanavyofundisha maulamaa kwa aliyemkosa mwenye haki. Lakini msamaha wake sikuupata, na ningeliupata siku ile kwa neno moja.

Basi jawabu letu ni hili. Wale wawili, kwa sharti waliloridhia, hawakukhiniana katika kete. Lakini sokoni, katika mirathi, na katika mpaka wa kiwanja, hapana aliyeridhia sharti kama hilo. Muuzaji anayekosea hesabu hakusema, "Nikighafilika, kilicho changu ni chako." Nami nachelea kwamba aliyejizoeza kunyamaza penye kete hatajua ni lini ameanza kunyamaza penye mali ya yatima.

Ukiliona kosa la mwenzio likikufaa, liseme pale pale, kabla hamjatengana. Kesho huenda usimwone wa kumwambia.

Wabillahi ttawfiq.