Kutunza na Kutumia: Hoja juu ya Gari Lisilotembea

Sifa ambayo muuzaji wa gari la spoti la miaka ya 1990 huitanguliza mbele ya nyingine zote ni kwamba gari limetembea kidogo. Kadiri tarakimu za odomita, yaani kipimo cha kwenye dashibodi kinachohesabu kilomita, zinavyokuwa ndogo, ndivyo bei inavyopanda, hata magari mawili yaliyotoka kiwandani mwaka mmoja, yenye rangi moja na injini moja, yakapishana bei mno kwa sababu tu moja liliendeshwa na la pili likafunikwa turubai. Soko limelizoea jambo hili kiasi kwamba ugeni wake hauonekani tena: kinachosifiwa ni kutotumika kwa kitu kilichoundwa kitumike, na mnunuzi hulipia safari ambazo hazikufanyika. Swali linalozuka hapo ni la falsafa na la dini kwa pamoja, nalo ni kama mtu anayekiweka kitu mbali na kazi yake ili kisichakae huwa anakitunza, au huwa anakizuia.

Mfano unaofaa kwa uchunguzi huu ni Honda NSX ya kizazi cha kwanza, gari la Kijapani lililoonyeshwa hadharani Chicago mwaka 1989, likaanza kuuzwa mwaka 1990 na kuendelea kutengenezwa hadi mwaka 2005. Lilikuwa gari la kwanza la kiwandani kuwa na bodi nzima ya alumini ya aina ya monokoki, yaani ganda moja linalobeba uzito wa gari. Injini yake ya V6, iliyokaa nyuma ya viti, mwanzoni ilikuwa ya lita 3.0, na vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki vilifuliwa kwa titani, metali nyepesi iliyo ngumu sana. Ayrton Senna, bingwa wa Formula 1, alilijaribu katika uwanja wa Suzuka kabla halijakamilika, na baada ya maoni yake wahandisi waliongeza uimara wa bodi. Hata hivyo, lililo muhimu zaidi kwa hoja hii ni kusudio la waundaji wake. Walitaka gari lenye kasi ya magari makali ya Italia, lakini ambalo mtu angeweza kwenda nalo kazini kila siku, akiona vizuri pande zote na bila kupigana na klachi. Gordon Murray, aliyebuni gari la spoti la McLaren F1, alimiliki NSX, akaiendesha kwa miaka kadhaa na kuifanya kipimo cha utulivu wa mwendo alioutafuta katika gari lake mwenyewe. Yaani, matumizi ya gari moja yalizaa elimu iliyoingia katika gari jingine. Kwa hiyo, katika magari yote ya daraja lake, hili ndilo ambalo kufungiwa kwake gereji kunapingana zaidi na nia ya walioliunda.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aligusia suala hili katika maandishi yake matatu yanayofaa kusomwa kwa pamoja. Katika kitabu chake juu ya siasa alieleza kwamba kila mali ina matumizi mawili, kwani kiatu huvaliwa na kiatu hicho hicho huweza kubadilishwa kwa kitu kingine, lakini kilishonwa kwa ajili ya kuvaliwa. Katika kitabu chake juu ya balagha aliuweka utajiri katika kutumia zaidi kuliko katika kumiliki. Na katika maadili alitenganisha hali ya kuwa na uwezo na tendo la kuutumia, akatoa mfano wa michezo ya Olimpiki, ambako taji haliendi kwa mwenye umbo zuri na misuli iliyojaa, bali kwa aliyeshuka uwanjani akashindana. NSX iliyo chini ya turubai ina uwezo wote, nao umehifadhiwa kikamilifu. Lakini uwezo usiowahi kuwa tendo ni wema ambao haujatimia.

Mmiliki aweza kujibu, na jibu lake lastahili kusikilizwa, kwamba kuuza pia ni kutumia, maana Aristotle mwenyewe alikuhesabu kuwa matumizi. Udhaifu wa jibu hili ni kwamba matumizi ya pili husimama juu ya yale ya kwanza. NSX ina thamani kwa sababu inajulikana jinsi usukani wake unavyoitikia, jinsi injini inavyopanda mizunguko bila kusita, na jinsi inavyotulia kwenye kona. Na mambo hayo yanajulikana kwa sababu watu wengine waliendesha magari yao, wakayachakaza, wakasimulia. Asiyeendesha huuza sifa iliyopatikana kwa kilomita za wenzake. Tena, mnunuzi akilihifadhi gari kwa ajili ya mnunuzi ajaye, naye huyo akafanya vivyo hivyo, basi kusudio la gari husogezwa mbele daima bila kufikiwa, na mlolongo mzima wa bei huning'inia juu ya dereva ambaye hatakuja kamwe.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la uchakavu. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alipokuwa akijadili riba, alitofautisha vitu ambavyo kuvitumia ndiko kuvimaliza, kama mvinyo na ngano, na vitu ambavyo hutumiwa navyo vikabaki, kama nyumba. Gari limekaa katikati ya mafungu haya mawili. Kuliendesha si kama kunywa mvinyo, kwa kuwa gari hubaki. Lakini pia si sawa kabisa na kukaa ndani ya nyumba, kwa kuwa kila kilomita hula kidogo tairi, klachi na pete za pistoni, na kilomita iliyokwisha kuhesabiwa hairudi. Kama idadi ya NSX duniani haiongezeki, basi kila safari hupunguza, japo kwa chembe, kitu kisichoweza kutengenezwa tena. Anayejizuia aweza kudai kwamba anawawekea watoto wa watoto, na dai hilo si la mchoyo.

Dai hilo lingekuwa na nguvu zaidi kama kutotumia kungekuwa kweli kunahifadhi. Mafundi wanajua kwamba sivyo. Mkanda wa mpira unaozungusha kemshafti, chuma kinachofungua na kufunga vali kwa wakati wake, huzeeka kwa miaka hata usipozunguka, na ndiyo maana hubadilishwa kwa muda au kwa kilomita, kutegemea kipi kimetangulia. Ukikatika, pistoni hugonga vali na injini huharibika. Sili za mpira hukauka, mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, petroli huchacha ndani ya tangi, matairi hushupaa yakiwa bado na meno yote. Gari lililolala miaka 20 limetumiwa na wakati, ingawa hakuna mtu aliyelitumia. Hapa ndipo fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inapotoa mwanga usiotarajiwa. Mafakihi humpa mnunuzi khiyari ya aibu, ambayo ni haki ya kurudisha bidhaa akigundua kasoro iliyokuwamo kabla hajaipokea, na humwajibisha muuzaji kuibainisha kasoro anayoijua. Odomita yenye tarakimu ndogo yaweza kuficha aibu ya namna hii, si kwa kuchezewa, bali kwa kusema ukweli ambao msikilizaji huufasiri vibaya. Muuzaji mwadilifu anayetaja kilomita chache hana budi kutaja pia umri wa mkanda na mwaka wa matairi.

Imam Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliutafakari uhusiano wa mtu na mali kwa kina zaidi katika Ihyau Ulumiddin, kwenye kitabu cha subira na shukrani. Shukrani kwake haikuwa maneno ya ulimini tu. Ilikuwa kuitumia neema katika lile iliyoumbiwa. Dhahabu na fedha, alisema, ziliumbwa zipite mikononi mwa watu na kuhukumu thamani za vitu vingine, na anayezirundika ni sawa na aliyemfunga gerezani hakimu wa Waislamu, hukumu zikakosa wa kuzitoa. Injili ya Mathayo, katika sura ya 25, inafika karibu na hapo kwa njia nyingine: mtumwa aliyeizika talanta ya bwana wake aliirudisha kamili, bila kupungua hata kidogo, na ukamilifu huo haukumwokoa na lawama.

Ni lazima kukiri tofauti iliyopo. Basil wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, aliwakemea waliojaza ghala nafaka na makabati mavazi, kwa sababu nje walikuwapo wenye njaa na walio uchi. Hakuna anayelala njaa kwa sababu NSX haikuendeshwa, na kuwatia wamiliki wake katika fungu la waficha nafaka ni kuwadhulumu. Dhara hapa ni dogo na ni la aina nyingine: bidii ya mafundi imefanywa kuwa kifuniko cha fedha, na mwenye gari, aliyelinunua kwa kulipenda, sasa anaihofia kilomita moja kuliko anavyoifurahia. Kitu alichokusudia kimtumikie kimempa kazi ya ulinzi.

Sheria ya wakfu inaonyesha kwamba kuhifadhi na kutumia si maadui wa asili. Wakfu ni mali inayozuiwa isiuzwe wala kurithiwa, huku manufaa yake yakiachwa yaende kwa waliokusudiwa. Asili yake hutajwa katika ardhi ya Umar, sahaba wa Mtume Muhammad, huko Khaybar, ambayo Mtume alimwelekeza aizuie yenyewe na atoe mazao yake. Misikiti, visima na mashamba ya minazi ya Unguja, Mombasa na Lamu yamedumu kwa utaratibu huo. Nao hauishii kwenye ardhi, kwani sahaba mwingine, Khalid bin Walid, aliziweka wakfu deraya na zana zake za vita, vitu ambavyo bila shaka vilitumika na kuchakaa. Kinachozuiliwa ni mali yenyewe, si manufaa yake. Gari linaloendeshwa kwa kiasi, likamwagwa oili kwa wakati, likabadilishiwa mpira unaozeeka na kuonyeshwa kwa vijana wanaojifunza ufundi, liko karibu na roho ya sheria hii kuliko lile lisiloguswa.

Linabaki suala la mnunuzi, ambalo fikihi hulipima kwa nia. Zaka haimlazimu mtu kwa gari la matumizi yake, liwe la thamani gani. Lakini akilinunua kwa nia ya kuliuza apate faida, huingia katika mali ya biashara, na thamani yake ya soko, ikitimiza nisabu, yaani kiwango cha chini cha zaka, hutolewa asilimia 2.5 kila mwaka wa mwezi mwandamo. Gari ni lile lile, gereji ni ile ile, na odomita haikusogea. Kilichobadilika kimo moyoni mwa mwenyewe. Zaidi ya hayo, madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hayakuziweka njia mbili za kubadili nia katika daraja moja. Aliyenunua kwa biashara kisha akaamua kulitumia mwenyewe, uamuzi huo peke yake unalitoa gari katika hukumu ya biashara. Lakini aliyenunua kwa matumizi kisha akawaza kuuza, wazo lake halilifanyi kuwa bidhaa mpaka auze kweli, kwa kuwa asili ya mali ni kumfaa aliye nayo, na biashara ni jambo linaloongezwa juu ya asili hiyo kwa tendo.