Alama za Mhamiaji na Thamani ya Mtu

Mwaka 1967, baada ya miongo mingi ya kupendelea Wazungu, Kanada ilianza kuchagua wahamiaji kwa alama. Leo, mfanyakazi mwenye ujuzi anahitaji angalau 67 kati ya 100: lugha hubeba hadi 28, elimu 25, uzoefu 15, umri 12. Muuguzi wa Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, akiwa na miaka 30 huzoa alama zote za umri. Akifikisha 47 hapati hata moja. Kisukuma na Kiswahili anavyomtulizia mjamzito mwenye uchungu havimwongezei kitu. Hupimwa Kiingereza na Kifaransa tu.

Kupima ujuzi ni afadhali mno kuliko kupima rangi. Hata hivyo, mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1785, alitenganisha vyenye bei na utu, usio na bei. Jedwali la alama hukadiria manufaa ya nchi inayopokea. Pengo ambalo muuguzi huyo akihama huliacha wodini Kharumwa halina alama.