Fagio, Cheti na Mshahara wa Askari

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wa Kiafrika waliolitumikia jeshi la Ujerumani na waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao ya Vita Kuu ya Kwanza. Charles Miller, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu vita hivyo, anasimulia kwamba ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza mjini, si mbali na hapa Igoma, wakajitokeza wazee wapatao 350. Wenye vyeti vya mwaka 1918 walikuwa wachache mno. Baadhi ya wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Basi ofisa wa benki akabuni mtihani: kila mzee akapewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakushindwa hata mmoja. Huenda kisa kimetiwa chumvi, na kwa kawaida husimuliwa ili watu wacheke. Mimi naona kinauliza jambo zito: deni la utumishi linathibitishwa na nini, na nani mwenye haki ya kusema limethibitika?

Jibu la kiofisi ni cheti. Lakini cheti hutolewa na mdaiwa, hutunzwa na mdai, na siku ya malipo mdaiwa huyohuyo ndiye anayekikagua. Tena askari wa miguu ni mtu wa kuhamahama. Kikosi cha kwanza cha Wissmann, kamanda wa Kijerumani, mwaka 1889, kilijaa Wasudani walioandikishwa Misri, watu waliokuwa ugenini tangu siku walipovaa sare. Waingereza walipoiteka Mwanza Julai 1916, waliokuwa wakiilinda walirudi nyuma kwa miguu, na mwaka uliofuata mabaki ya jeshi la Wajerumani yalivuka mto Ruvuma. Kumtaka mtu wa maisha hayo atunze karatasi kwa miaka 46 ni kumwekea sharti ambalo ofisi nyingi haziliwezi. Hapa Igoma wamezikwa watu wa meli ya MV Bukoba, iliyozama Mei 1996, wakiwamo ambao majina yao hayakujulikana. Hakuna aliyesema wasizikwe mpaka vitambulisho vipatikane. Stahili ya mtu hutangulia karatasi inayoitaja.

Hata hivyo, tukidhani tatizo ni ushahidi tu, Bayume Mohamed Husen anatukanusha. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari Msudani, akaingia jeshini vita vilipoanza, angali mtoto. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa na kutekwa na Waingereza. Mwaka 1929 alihamia Berlin, akadai mshahara wake na wa baba yake. Alijibiwa kwamba muda umepita. Mwaka 1934 akaomba nishani ya wapiganaji wa vita, akanyimwa. Alikuwa mhudumu wa mkahawa na akafundisha Kiswahili chuo kikuu, lakini mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Huyu alikuwa na jeraha, lugha na historia. Hakuhitaji kupewa fagio. Alichokosa ni mdaiwa aliye tayari kudaiwa. Ndiyo maana nasema ushahidi mara nyingi ni kisingizio: kwanza dola huamua kama italipa, kisha ndipo inapochagua ushahidi wa kuuamini.

Atakuja mtu na kusema: hao walikuwa mikono ya dhuluma, ndio waliochoma vijiji wakati wa Maji Maji, tuwalilie kwa lipi? Hoja hii ina uzito, na sitaipunguza. Lakini lawama na deni ni hesabu mbili. Bwana aliyeamuru uovu, kisha akamnyima mtumishi ujira, hakutubu. Amefaidika mara mbili. Mwingine atasema dola iliyowaajiri ilikufa mwaka 1918, na warithi hawafungwi na ahadi zake. Bunge la 1964 limekwisha kumjibu. Kama deni lililipika miaka 35 baada ya Husen kuambiwa amechelewa, basi hakuchelewa.

Ugumu unaonisumbua zaidi ni wa wapagazi. Pande zote mbili ziliwachukua kwa malaki, Wasukuma na Wanyamwezi wakiwamo, wakabeba risasi na unga, wakafa kwa njaa na kuhara zaidi kuliko kwa risasi. Gwaride hawakufundishwa, kwa hiyo fagio lile lisingewasaidia kitu. Mtihani uliowatendea haki askari ulipima mafunzo, haukupima mateso, na yeyote anayeusifu akumbuke ulimwacha nani nje ya mlango. Husen aliwekewa kibao cha shaba Berlin mwaka 2007. Malimbikizo aliyoyadai, yake na ya baba yake, hakulipwa.