Mnunuzi Naye Ana Mizani



Miezi michache iliyopita kwaya ya vijana ilinituma mjini Bukoba kununua gita. Mimi sijui kupiga gita. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu mwalimu mstaafu huaminiwa fedha, na nikapewa kijana mmoja mpigaji, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, ili awe masikio yangu. Fedha zenyewe zilikuwa shilingi 200,000, nazo zilichangwa kidogo kidogo. Mmoja alitoa fedha ya ndizi, mwingine ya kahawa, na mama mmoja alileta shilingi 5,000 alizopata kwa kuuza senene. Nayaeleza haya ili msomaji ajue kwamba mfukoni mwangu hamkuwa na fedha ya mchezo.

Tukashuka kutoka Kashai kwa miguu mpaka duka moja liuzalo redio, spika, nyaya na magita. Mlangoni yalining'inia magita mapya matatu, yaking'aa kama viatu vya Sikukuu. Mwenye duka alitupokea vizuri, akanipa kigoda, akatushushia gita moja jekundu na kulisifu sana. Bei yake shilingi 180,000. Kijana wangu akaliinua hadi usawa wa jicho, akaitazama shingo yake kwa urefu, kama seremala atazamavyo ubao. Kisha akapiga uzi mmoja wazi, akaubana kwenye kile kipande cha chuma cha 12, akaupiga tena. Sauti ya pili yapasa kuwa ile ile ya kwanza, ila juu zaidi kwa oktava moja. Haikuwa hivyo. Akaninong'oneza, "Mwalimu, shingo imepinda." Mwenye duka alikuwa akitutazama. Hakusema neno.

Methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika duka lile kibaya kilikuwa mlangoni, na kizuri kilikuwa kimeegemezwa pembeni katika vumbi, uzi mmoja umekatika. Nikauliza, "Na lile?"

"Lile la zamani, waitu. Jamaa mmoja aliliacha kwa deni la kutengenezewa redio. Leteni 50,000 mlichukue, linanijazia nafasi tu."

Kijana akachungulia ukingo wa lile tundu la mbele. Baadaye alinieleza alichokiona. Mistari ya mbao ilipita moja kwa moja kutoka juu hadi chini, maana yake ni ubao mzima, wala si tabaka za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Shingo ilikuwa imenyoka. Uso wake ukabadilika mara moja, kisha akautuliza, akaja sikioni pangu. "Mwalimu, hili hata kwa laki nne hulipati. Nyamaza, tulipe twende."

Nami sikunyamaza tu. Nilifanya kama wanunuzi wote tufanyavyo. Nilikunja uso, nikasema limechakaa, uzi umekatika, nani atalitaka. Akapunguza hadi 45,000. Tukalipa, tukatoka.

Njiani tulicheka kwa furaha, mpaka tulipofika karibu na daraja la Kanoni. Hapo kijana akasema, "Mwalimu, leo umeigiza kama wale wa michezo ya redio!" Alinisifu kwa moyo mweupe. Lakini neno hilo likanichoma, maana mtoto yule nilimfundisha mimi kwamba uongo ni uongo.

Basi ndugu, swali langu ni hili: Je, mnunuzi ajuaye thamani ya kitu kuliko muuzaji, yampasa kusema?

Sisi wa umri wangu hatukuzoea kuuliza hivyo. Mwaka 1983, nilipokuwa kijana wa chuo cha ualimu, Serikali iliwasaka walanguzi nchi nzima, wakati sukari na sabuni vilipokuwa adimu. Tulijifunza kuitafuta dhambi ya biashara upande mmoja wa meza, upande wa muuzaji. Lakini Mithali sura ya 20 yamtaja mnunuzi anayekitukana kitu mbele ya muuzaji, kisha akienda zake anajisifu. Niliposoma mstari huo usiku ule nilijiona mwenyewe darajani.

Wazee wa zamani walibishana juu ya jambo hili kabla ya Bwana wetu kuzaliwa. Cicero, Mroma, aliandika mwaka 44 kabla ya Kristo juu ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kwamba merikebu nyingine zaja nyuma yake. Je, awaambie watu, na bei ishuke? Mwanafalsafa mmoja alisema yampasa kueleza yote. Mwingine alisema inatosha asidanganye. Cicero alikubaliana na wa kwanza. Tena alimtaja Scaevola, aliyetajiwa bei ya shamba, akasema lina thamani zaidi, akaongeza fedha juu ya bei aliyotajiwa. Naye Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Algeria, alisimulia habari za mtu aliyeletewa kitabu na muuzaji asiyejua thamani yake. Mtu yule akalipa bei ya haki, ingawa angeweza kukipata kwa bei ndogo.

Nilipopeleka jambo hili kwenye kamati ya kwaya, mweka hazina alinijibu kwa Maandiko. Alisema, "Mwalimu, Mathayo 13. Mtu aliona hazina shambani, akaificha, akaenda kulinunua shamba. Je, alimwambia mwenye shamba?" Wengine wakacheka, nami kwa kitambo sikuwa na jibu. Tena akaongeza neno lenye uzito: "Fedha ya kwaya si yako kuifanyia ukarimu."

Nimelifikiri jibu lake siku nyingi. Bwana wetu alisema pia kwamba atakuja kama mwivi, wala hakutufundisha wizi. Katika mfano ule asifiwacho ni furaha ya mtu yule, aliyeuza vyote alivyo navyo. Lakini juu ya fedha ya kwaya mweka hazina alisema kweli, na kweli hiyo ilinisaidia kugawanya mambo.

Kwanza, elimu ya kijana yule ni mali yake. Amejifunza miaka mingi kusikiliza mbao na nyuzi. Mwenye duka naye kazi yake ni kuijua bidhaa yake, na bei ya 50,000 aliitaja mwenyewe. Kama tungelipa hiyo na kwenda zetu, nadhani hakuna aliyekuwa na haki ya kutushtaki. Pili, shilingi 5,000 zilizopunguzwa zilipatikana kwa ulimi wangu, kwa kukitukana kitu nilichokwisha kuambiwa kuwa ni chema. Hizo zilikuwa deni, na deni langu mimi, si la kwaya. Tatu, kilichobaki juu ya hapo hakidaiwi na haki. Chadaiwa na upendo, na upendo hauwezi kulazimishwa kwa kura.

Hata hivyo kura ilipigwa. Niliwakumbusha Daudi katika 2 Samweli 24. Arauna Myebusi alitaka kumpa bure kiwanja na ng'ombe wa sadaka, naye akakataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu, akalipa shekeli 50 za fedha. Kamati ikakubali kuongeza 50,000. Mweka hazina hakukubali mpaka mwisho, na namheshimu.

Nikarudi dukani pamoja na kijana, 50,000 za kwaya mkono mmoja na 5,000 za kiinua mgongo changu mkono wa pili. Mwenye duka alidhani tunalirudisha gita, akauliza, "Lina kasoro gani?" Nikamweleza yote, pamoja na ulimi wangu. Alizihesabu fedha mara mbili, akaziweka katika droo, akasema asante. Lile jekundu lilikuwa bado linaning'inia mlangoni. Kama alimwambia mnunuzi wake juu ya ile shingo, sijui, wala halikuwa fungu langu kumwuliza siku ile.

Ndugu wasomaji, magita si mengi katika parokia yetu, lakini jambo hili ni la kila siku. Mtoto wa sokoni hukosea hesabu akakurudishia chenji iliyozidi. Mjane auza kibanja kwa bei ya shida, na mnunuzi amekwisha kusikia kwamba barabara itapita pale. Huyo wa kibanja simwoni kuwa sawa na sisi wa gita, maana mjane hana kazi ya kujua mipango ya barabara, na akiuza hawezi kununua tena. Je, ninyi mwaonaje? Nileteeni mawazo yenu baada ya ibada. Mweka hazina ameahidi kuandika jibu lake, naye ana haki ya kusomwa.

Mwalimu mstaafu,
Kashai