Shahidi Aliye Ndani ya Kichwa

Yamkini, msomaji, umepata kuitwa na mama yako mara tatu nawe usimsikie, kwa kuwa kitabu kilikuwa kimekuchukua. Masikio yalikuwa wazi na sauti ilifika. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa safarini. Hali hiyo ya kuzama ndiyo watakayo kuipima wataalamu wa zama zetu, si kwa kitabu, bali kwa miwani ya kompyuta ifunikayo macho na kumtia mtu katika ulimwengu wa kubuni.

Kwanza walimwuliza mtu mwenyewe: Je, ulijiona uko kule? Lakini kumbukumbu hufifia, na wengi wetu hupenda kumridhisha atuulizaye. Ndipo wakauendea mwili. Mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walitoa habari za watu waliosimamishwa chumbani, miwani ikawaonyesha kuwa wako ukingoni mwa shimo refu. Walijua kwamba ile ni sakafu. Hata hivyo mioyo yao ilienda mbio.

Ubongo nao hauachwi. Umeme wake ulinaswa kwa mwanadamu mara ya kwanza mwaka 1924 na Hans Berger, daktari wa Ujerumani. Leo mchezaji hubandikwa visahani vidogo kichwani, kisha hupigiwa sauti fupi fupi zisizohusu mchezo wake. Ubongo usioshughulika huziitikia kwa wimbi liinukalo baada ya kama sehemu tatu za kumi za sekunde. Aliyezama sana, wimbi lake hupungua. Tazama, ni ule ule mwito wa mama, ila sasa umetiwa katika mizani.

Sasa ulimi ukinena, "Nilikuwa kule," na wimbi likakana, tumwamini nani? Mimi siuvui ulimi ushahidi wake. Wimbi hupima ni kiasi gani cha fikira kilichobaki kwa ajili ya sauti. Halisemi fikira nyingine zimekwenda wapi. Mwanafunzi anayewaza karo asiyoilipa naye hazisikii sauti hizo, wala hayumo katika ulimwengu wowote wa kubuni.

Walakini yako mahali ambapo shahidi huyu humtetea mnyonge. Hunter Hoffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwatia wagonjwa walioungua moto katika nchi ya theluji ya kubuni, wakitupa matonge ya theluji huku vidonda vikisafishwa. Wagonjwa walisema maumivu yamepungua. Ungeweza kudhani wanajikaza tu. Mwaka 2004 picha za ubongo za watu wazima wa afya, waliotiwa joto la kuumiza kwa hiari yao, zilionyesha kwamba sehemu zishughulikazo na maumivu zilitulia walipokuwa katika theluji ile. Ulimi wa mgonjwa ukapata wa kuusadiki.

Lakini kipimo kilicho mkononi mwa tabibu chaweza kuwa mkononi mwa mfanyabiashara. Ajuaye dakika uliyozama kabisa ajua pia dakika usiyoweza kukataa, na hapo ndipo atakapoitia bidhaa yake. Chile iliiona hatari hiyo. Mwaka 2021 ilirekebisha katiba yake ili sheria ilinde shughuli za ubongo na habari zitokazo humo. Wewe, ukipewa mchezo bure kwa sharti la kuvaa ukanda usomao ubongo wako, utauliza nini kabla ya kuuvaa?