Sahihi Si Yako, Jambo ni Lako

Karibu kila ofisi ina mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya wakuu, lakini mambo hayaendi mpaka aulizwe. Hasaini hundi, haajiri, hafukuzi. Akisema "hapa bado hapajakaa sawa," watu husimama. Nguvu hiyo ameitoa wapi, na nani kamhalalishia?

Wapo watakaomtaja Mwalimu Nyerere, aliyejiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, akaenda kukijenga chama. Mfano ni mkubwa, ila hautufai hapa: alibaki na urais wa TANU na jina zito, vitu ambavyo mhasibu msaidizi hana. Anayenisaidia zaidi ni Mary Parker Follett, Mmarekani aliyeandika juu ya uongozi wa kazi katika miaka ya 1920. Kwake yeye, amri ya haki haishuki kutoka kwa bosi kwenda kwa mtumishi. Hutoka katika hali yenyewe ya kazi, na wote wawili wanapaswa kuitii. Naliona hilo ndilo jibu. Asiye na cheo hawaongozi wenzake kwa nafsi yake. Huwaonyesha jambo lililo mbele yao, mpaka iwe vigumu kulipuuza.

Tazama wodi ya wazazi usiku. Mwenye kauli ni daktari kijana aliye katika mafunzo kwa vitendo. Mkunga aliyemtangulia kazini kwa miaka mingi ndiye aliyeshika tumbo la mzazi na kuona kanga ya pili imelowa damu. Anaweza kusema, "Dokta, yule mama wa kitanda cha nne, sijui umemwonaje?" Au anaweza kusema, "Dokta, mama wa kitanda cha nne anavuja damu. Nimemkanda, mji wa mimba bado laini. Naomba tumpigie bingwa sasa hivi." Kauli zote mbili zinamwachia daktari uamuzi. Ya kwanza inalinda uso wa daktari, ya pili inamlinda mama.

Mwaka 1967 Leonard Stein, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliueleza mchezo huu wa wodini: muuguzi anapendekeza huku akijifanya hapendekezi, na daktari anaupokea ushauri kana kwamba umezuka kichwani mwake. Maofisini tunaucheza pia, na tunauita busara. Kwetu mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu, na mimi sioni kwamba staha hiyo ni ya kutupwa. Mkunga wa kauli ya pili hakuivunja: ameanza kwa cheo cha mwenzake, na ameomba, hakuamuru. Staha ni namna ya kulisema jambo. Ikigeuka sababu ya kulificha, inaua.

Na imewahi kuua. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, Tenerife, ukungu ulikuwa umetanda. Rubani mkuu wa ndege ya KLM alianza kuruka ilhali ndege ya Pan Am ilikuwa bado iko kwenye njia ileile. Mhandisi wa ndege aliuliza kama wale wengine wameshatoka. Rubani akamjibu kwa uhakika kwamba wametoka, na mhandisi hakuendelea. Walikufa watu 583. Baadaye mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wasaidizi kusema mpaka wasikike, na marubani wakuu kusikiliza.

Mhandisi yule aliuliza, na simlaumu kwa wepesi. Alikuwa na sekunde chache. Sisi tuna wiki nzima kabla ya kikao, na bado tunanyamaza. "Mimi sina mamlaka" ni maneno ya kweli, lakini pia ni kificho kizuri sana. Uamuzi haufanyiki siku ya sahihi. Unaanza pale mtu alipoamua swali gani liulizwe, takwimu zipi ziletwe, nani aitwe mezani. Kazi hizo huwa mikononi mwa wasio na cheo, kwa hiyo lawama nayo ni yao kwa kiasi hicho. Ukiijua dosari ya zabuni ukakaa kimya, huwezi kujitetea kwamba hukusaini.

Kuna hatari ya upande wa pili. Mpika fitina naye hana cheo, naye huwasogeza watu anavyotaka. Tofauti yao naipima hivi: anayeongoza kweli anaweza kuitaja sababu yake mbele ya wote, bosi akiwemo, kisha akauacha uamuzi kwa mwenyewe. Bosi akikataa, anasema tena mara moja kwa uwazi, na baada ya hapo anafanya kazi, isipokuwa pale maisha ya mtu au haki ya mtu iko hatarini. Hapo inambidi apande kwa mkubwa wa bosi.

Na wewe mwenye sahihi, usifurahie tu kwamba una watu wa namna hii. Kumwacha mtu aongoze mwaka hadi mwaka bila cheo wala nyongeza ya mshahara ni kumnyonya. Mwulize kabla hujasaini, sema kikaoni kwamba wazo ni lake, na nafasi ikitokea, mpe.